Supachaja: Nguvu inayoweza kuua injini ya gari la kujitengenezea

Na Mwandishi Wetu

KWA mtu aliyetumia miaka kadhaa na akiba yake yote kuunda gari la michezo kwa mikono yake nyumbani, hakuna sauti inayotisha kama ile ya misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Sauti hiyo inaposikika kutoka chini ya boneti, pistoni zimeanza kuharibika, na pengine zimebaki sekunde chache kabla injini haijazimika moja kwa moja.

Mara nyingi chanzo huwa ni kifaa kilichofungwa ili kuongeza nguvu, yaani supachaja, pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda.

Utamaduni wa kuunda magari ya aina hiyo umeshamiri zaidi nchini Uingereza. Mwaka 1957 Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, alitoa gari dogo jepesi la Lotus Seven, ambalo wanunuzi wengi walilichukua likiwa vipande na kuliunganisha wenyewe ili kukwepa kodi ya mauzo. Mwaka 1973 haki za kulitengeneza zilichukuliwa na kampuni ya Caterham.

Mwaka 1996 Ron Champion alichapisha kitabu kilichowaelekeza wasomaji namna ya kujenga gari linalofanana na hilo kwa pauni 250 tu, kwa kutumia vipuri vya gari kuukuu la Ford Escort. Tangu hapo gereji nyingi za majumbani zimegeuka viwanda vidogo.

Wengi wa waundaji hao hutosheka na injini ya kawaida. Wapo, hata hivyo, wanaotamani zaidi, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Hewa zaidi, moto zaidi

Injini huchoma mchanganyiko wa mafuta na hewa. Isiyo na kifaa cha kuisaidia hutegemea kani ya hewa ya kawaida pekee, ndiyo maana gari hupoteza nguvu linapopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Supachaja husukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, na hewa inapokuwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuchomwa.

Fikra hiyo si ngeni. Ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya kipulizi cha hewa mwaka 1860, na jina lao bado hutumika kutaja aina mojawapo ya supachaja. Gottlieb Daimler wa Ujerumani naye alipata hataza ya kusukuma hewa kwenye injini mwaka 1885.

Kifaa kinachopendwa na waundaji wengi wa nyumbani ni Eaton M45, kinachopatikana kwa bei nafuu kutoka kwenye magari chakavu ya Mini Cooper S ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kila kinapozunguka mara moja husukuma hewa ya takriban lita 0.74.

Injini ya lita 1.6 huvuta lita 0.8 za hewa kwa kila mzunguko wa krenkishafti. Supachaja hiyo ikizungushwa mara mbili kwa kila mzunguko huo, italeta karibu lita 1.5. Hewa hiyo haina pa kwenda, hivyo hubanwa, na hewa inayobanwa hupata joto.

Hesabu za fizikia zinaonyesha kuwa hewa yenye nyuzi joto 20 ikibanwa hadi mara moja na nusu ya kani ya kawaida, hufikia nyuzi 56 hata kama pampu haina kasoro yoyote. Kwa pampu halisi yenye ufanisi wa asilimia 60, joto hilo hupanda hadi nyuzi 80.

Adui namba moja

Hewa ya moto ndiyo mama wa ile sauti ya misumari. Katika hali ya kawaida plagi huwasha mchanganyiko, na moto husambaa ndani ya silinda kwa utaratibu. Joto na mgandamizo vikizidi, sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe kwa ghafla. Kishindo hicho kinaweza kuvunja pistoni, kupasua gasketi ya silinda hedi au kupinda fimbo za pistoni.

Viwanda vinalifahamu hilo. Mini Cooper ya kawaida ya wakati huo ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye uwiano wa mgandamizo wa 10.6 kwa 1 na nguvu farasi 115. Mini Cooper S, ikiwa na injini ya ukubwa uleule pamoja na supachaja, ilitoa nguvu farasi 163, lakini uwiano wake ulishushwa hadi 8.3 kwa 1.

Mwundaji wa nyumbani huchukua supachaja hiyo na kuifunga kwenye injini ambayo haikubuniwa kwa kazi hiyo, bila kugusa pistoni. Kwa kufanya hivyo amechukua nusu ya dawa na kuiacha nusu nyingine.

Kompyuta isiyoona

Tatizo la pili ni mafuta. Kompyuta ya injini ya kawaida imepangwa kupima hewa isiyosukumwa. Hewa ikizidi kiwango hicho, sensa hufika ukomo wake na kompyuta hubaki kama kipofu, ikiendelea kutoa mafuta yaleyale. Mchanganyiko hupungukiwa mafuta, joto hupanda, na injini huanza kugonga.

Dawa yake ni nozeli kubwa zaidi, pampu ya mafuta yenye uwezo na kompyuta inayoweza kupangwa upya, ili pia icheleweshe kidogo cheche za plagi pale mgandamizo unapopanda. Gharama ya vitu hivyo inaweza kuizidi bei ya supachaja yenyewe.

Mkanda nao una visa vyake. Puli zisipokaa katika mstari mmoja, mkanda huruka au hukatika. Ukilegea huteleza, na ukikazwa kupita kiasi huua beringi. Vishikizo vilivyochomelewa nyumbani navyo hupasuka kwa mtikisiko.

Aidha, magari haya yana pua nyembamba na boneti ya chini. Humo hutakiwa kuenea rejeta kubwa zaidi, kwa kuwa mafuta mengi huleta joto jingi, pamoja na kipozeo cha hewa inayotoka kwenye supachaja. Mara nyingi nafasi haitoshi, na kimojawapo hupunguzwa.

Usalama

Mengi ya magari haya yana uzito usiofikia kilo 600. Nguvu ikiongezwa ghafla, giaboksi, difu na breki zilizotoka kwenye gari kuukuu huelemewa. Nchini Uingereza gari la kujitengenezea hukaguliwa kabla ya kusajiliwa, kwa utaratibu ulioanza kutumika mwaka 2009. Anayefunga supachaja baada ya hapo bila kuiarifu kampuni ya bima anaweza kujikuta hana fidia siku ya ajali.

Historia nayo ina funzo. W.O. Bentley, mwanzilishi wa magari ya Bentley, alipinga kufungwa kwa supachaja kwenye injini zake. Dereva wake mashuhuri, Tim Birkin, hakukubaliana naye. Katika mashindano ya Le Mans ya mwaka 1930 magari ya Birkin yenye supachaja yalikuwa na kasi kubwa lakini hayakumaliza. Mshindi alikuwa Bentley Speed Six, lenye injini kubwa isiyo na kifaa hicho.

Hata hivyo, supachaja si haramu. Wanaofanikiwa huanza kwa kupima afya ya injini, huridhika na mgandamizo mdogo, hufunga kipimo cha mchanganyiko wa mafuta na hewa, na hawaliingizi gari barabarani kabla halijapangwa kwenye mashine ya kupimia nguvu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.