Maji Yapandayo Katika Mirija Myembamba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, jioni hii tumefuturu kwa tende na maji. Tujiulize: maji, ambayo tabia yake ni kuteremka, hufikaje kileleni mwa mtende?

Wengi wetu tulilelewa na mwanga wa kandili, tukaona mafuta yakipanda utambi pasipo mtu kuyasukuma. Tukichovya mrija mwembamba wa kioo majini, twaona jambo lilo hilo. Chembe za maji hushikamana na kioo kwa nguvu kuliko zishikanavyo zenyewe kwa zenyewe. Ukingo wa maji hupanda ukutani, na uso wake, uliotandika kama ngozi, huyavuta yaliyo chini, hadi uzito wa maji yaliyoinuliwa ulingane na mvuto huo. Zebaki hupendelea kushikana yenyewe kuliko kushika kioo. Kwa hiyo mrijani hushuka.

Katika karne ya 18, James Jurin wa Uingereza alieleza kanuni yake: mrija ukipungua upana kwa nusu, maji hupanda maradufu. Mrija wa kipenyo cha milimita 1 huinua maji takriban sentimita 3. Wa milimita 0.1, sentimita 30.

Hapa yatupasa uangalifu. Husemwa katika darasa, nasi tumewahi kusema, kwamba nguvu hii ya mirija peke yake ndiyo ipandishayo maji hadi kileleni. Si sahihi. Sentimita 30 hazifikishi maji juu ya mtende wa mita 20. Kazi kubwa hufanyika majanini: maji yageukapo mvuke kwenye vitundu vidogo mno vya kuta za majani, huyavuta yanayofuata, kama mnyororo usiokatika hadi mizizini.

Kwa nini tulisahihishe hili ndani ya Ramadhani? Vijana wetu husoma fizikia shuleni. Wakitukuta tumekosea juu ya mti wanaouona, watatuaminije juu ya Akhera wasiyoiona? Ishara za Mwenyezi Mungu hazihitaji kupambwa kwa yasiyo kweli, na ulimi nao una saumu yake. Tusilolijua, tuseme: Allahu a'lam.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.