Ombi kupokelewa si pesa kuingia: Fahamu seva isiyongoja

CHUKUA mfano wa mfanyabiashara wa viazi aliye na ghala karibu na soko la Wakulima jijini Nairobi, maarufu Marikiti. Amemlipa mtaalamu amuundie tovuti ambapo wenye mikahawa huagiza magunia ya kilo 50, wakabonyeza sehemu ya kulipia kwa M-Pesa, na simu zao zikawaitisha nambari ya siri.

Saa kumi na moja alfajiri tovuti inaandika kwamba ombi la malipo limepokelewa. Kijana wa ghala anasoma maandishi hayo, anapakia magunia mawili kwenye bodaboda na kuyatuma. Jioni, mwenye ghala akilinganisha hesabu, anapata kwamba pesa za magunia hayo hazikuingia. Huenda mteja alifuta ombi badala ya kuweka nambari ya siri, au salio lake halikutosha.

Tovuti hiyo haikuwa imeharibika. Ilisema ombi limepokelewa, na kweli lilikuwa limepokelewa. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza mwenye ghala kwamba mitambo ya siku hizi hutoa majibu mawili kwa kila malipo, na kwamba la kwanza halina pesa ndani yake.

Ili kuelewa sababu, fikiria duka la pembejeo msimu wa kupanda. Mhudumu mmoja yuko kaunta na foleni ni ndefu. Mbolea iko bohari, nyuma ya duka. Mkulima wa kwanza anataka mfuko wa mbolea, naye mhudumu anaiacha kaunta, anakwenda bohari, anautafuta mfuko na kurudi nao. Muda wote huo foleni imesimama, hata yule aliyekuja kununua pakiti moja tu ya mbegu za sukuma wiki.

Mwenye duka anaweza kuajiri mhudumu kwa kila mteja anayeingia. Foleni itaisha, lakini mishahara itammaliza, na wahudumu wenyewe watakuwa wamesimama tu bohari wakingojea mifuko.

Njia ya tatu ni kumweka mhudumu mmoja asiyebanduka kaunta, na vijana wa kutumwa. Anaandika agizo la mkulima wa kwanza, anamtuma kijana bohari, kisha anamgeukia wa pili papo hapo. Kijana akirudi na mfuko, mhudumu anaita jina la aliyeuagiza na kumkabidhi.

Seva, yaani tarakilishi inayohudumia tovuti, ndiyo mhudumu huyo. Bohari ni kila kitu ambacho seva hulazimika kukingojea: hifadhidata inakowekwa orodha ya bidhaa na wateja, mtambo wa kampuni ya simu, mtambo wa kutuma arafa. Kwa kipimo cha tarakilishi, kungojea huko ni kurefu mno. Mashine inayoweza kufanya mamilioni ya hesabu kwa sekunde moja hukaa bure sekunde mbili nzima ikingoja jibu.

Kwa miaka mingi seva zilitumia njia ya pili. Seva ya Apache, kwa mpangilio wake wa zamani, ilitenga mhudumu kamili kwa kila mteja, na kila mhudumu alikula sehemu yake ya kumbukumbu ya mashine. Mnamo 1999 mhandisi Mmarekani Dan Kegel aliuliza waziwazi ni vipi seva moja ingeweza kuhudumia wateja elfu kumi kwa wakati mmoja. Mrusi Igor Sysoev alitoa jibu mojawapo mwaka wa 2004 alipoiachilia kwa umma seva yake ya Nginx, iliyofuata njia ya mhudumu mmoja asiyengoja. Mwaka wa 2009 Mmarekani Ryan Dahl alileta Node.js, akaionyesha hadharani mjini Berlin mwezi Novemba mwaka huo. Kwa Node.js, lugha ya JavaScript ambayo wengi waliijua kwa kurembesha kurasa za tovuti ilianza kutumiwa kuendesha seva kwa njia hiyo hiyo.

Tatizo lilikuwa katika uandishi. Programu ya aina hiyo ilijaa maagizo ya "jibu likija, fanya hivi, na la pili likija, fanya vile", moja ndani ya jingine, hadi mwandishi mwenyewe akapotea humo. Hapo ndipo zilipoingia fanksheni za "async". Fanksheni ni kipande cha programu kinachofanya kazi moja, kwa mfano kupokea agizo. Ikitiwa alama ya "async", inaweza kusimama katikati ya kazi na kuendelea baadaye. Mahali pa kusimama huwekwa neno "await", ambalo maana yake kwa seva ni kwamba iiache kazi hii hapa, ikahudumie wengine, na irudi jibu likifika. Maneno hayo yaliingia katika lugha ya C# mwaka wa 2012, Python mwaka wa 2015, na viwango rasmi vya JavaScript mwaka wa 2017.

Jambo moja ambalo wauzaji wa programu hawapendi kulitaja ni kwamba "async" haiharakishi kazi ya mteja mmoja. Kijana anatembea bohari kwa mwendo ule ule. Kinachobadilika ni kwamba walio nyuma hawamngojei. Na mhudumu akiamua kuhesabu bidhaa zote za duka akiwa pale kaunta, foleni itasimama kama zamani. Ndiyo maana ripoti nzito ya mauzo ya mwaka mzima, ikitayarishwa ndani ya seva hiyo hiyo asubuhi ya soko, huweza kuigandisha tovuti yote.

Sasa turudi kwa viazi. Safaricom, iliyoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, ilifungua mwaka wa 2017 mlango uitwao Daraja, ambao huwezesha programu za wafanyabiashara kuzungumza na mtambo wa M-Pesa. Mteja akibonyeza kulipa, seva ya mfanyabiashara hutuma nambari ya simu, kiasi cha pesa na anwani ya mtandao ambako matokeo yatapelekwa. Mtambo hujibu mara moja kwa msimbo 0 pamoja na nambari ndefu ya kulitambulisha ombi. Sifuri hiyo ndiyo iliyompoteza kijana wa ghala. Maana yake ni kwamba ombi limekubaliwa kushughulikiwa, na wakati huo huenda mteja hata hajaitoa simu mfukoni.

Jibu la pili huja sekunde kadhaa baadaye kwa ile anwani iliyoachwa. Likiwa na sifuri, malipo yamefaulu, na huambatana na nambari ya risiti ya M-Pesa. Likiwa na 1, salio la mteja halikutosha. Likiwa na 1032, mteja mwenyewe alifuta ombi. Likiwa na 1037, simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati. Ni jibu hili la pili tu linalofaa kumfanya mtu afungue mlango wa ghala.

Hapa hakuna neno "await" litakalomwokoa mwandishi wa programu, kwa sababu jibu la pili halirudi kwa njia ile ile ombi lilikopitia. Linabisha hodi kama mgeni mpya. Kwa hivyo agizo lazima liandikwe katika hifadhidata likiwa na hali ya "linasubiri", pamoja na ile nambari ndefu, ili mgeni akifika ajulikane amekuja kwa ajili ya agizo lipi.

Mgeni huyo pia ana visa vyake. Anaweza asifike, kwa mfano seva yako ikiwa imezimika dakika hiyo. Pesa zimetoka kwa mteja, agizo bado "linasubiri", na mteja aliyekasirika anakupigia akisoma arafa yake ya M-Pesa. Daraja huruhusu seva kuuliza yenyewe hali ya ombi, na programu nzuri huuliza bila kutumwa kila agizo linapokaa muda mrefu kuliko kawaida. Anaweza pia kuja mara mbili, na asipotambuliwa kwa nambari ya risiti, agizo moja litahesabiwa kama mawili. Tena anaweza kuwa tapeli. Yeyote aliyeijua anwani hiyo ya mtandao anaweza kutuma ujumbe wa kubuni unaosema malipo yamefaulu, hivyo ni busara mfumo uulize Daraja kabla ya kuamini, hasa kwa maagizo makubwa.

Kuna hasara nyingine ambayo haihusiani na M-Pesa, nayo naiona kuwa mbaya zaidi kwa sababu hujificha. Katika lile duka la pembejeo, tuseme umebaki mfuko mmoja. Mkulima wa kwanza anauliza, kijana anatumwa kutazama, na kabla hajarudi mkulima wa pili anauliza kuhusu mfuko ule ule. Vijana wote wawili wanaleta habari kwamba mfuko upo, na mhudumu anawauzia wakulima wote wawili.

Ndivyo inavyotokea katika seva. Fanksheni inauliza hifadhidata magunia yamebaki mangapi, inasimama kwenye "await", na katika mwanya huo fanksheni ya mteja mwingine inauliza swali lile lile na kupata jibu lile lile. Kwa mwenye vifaranga vya siku moja au nyanya zilizoiva, kumrudishia mteja pesa ni aibu, na mteja huyo huenda asirudi. Dawa yake ni kutenganisha kidogo iwezekanavyo: badala ya kuuliza kwanza kisha kupunguza, hifadhidata iamrishwe kwa sentensi moja ipunguze gunia moja iwapo lipo, na iseme kama imefaulu. Hifadhidata za kawaida kama MySQL na PostgreSQL zinaweza kufanya hivyo bila gharama ya ziada.

Vyama vya ushirika navyo vina lao. Tuseme chama cha maziwa kinataka kuwaarifu wanachama 300 malipo yao ya mwezi kwa arafa, na kila arafa inachukua sekunde mbili kukubaliwa. Programu inayoweka "await" kwa kila arafa, moja baada ya nyingine, itachukua sekunde 600, yaani dakika kumi. Ikituma 20 kwa pamoja na kungoja kundi zima, itamaliza kwa nusu dakika. Kuzimwaga zote 300 kwa mpigo si ushauri mwema, kwani kampuni nyingi za kusambaza arafa huweka kikomo, na zinazozidi hukataliwa.

Kosa la kusahau neno "await" lenyewe ni la kawaida kuliko mtu anavyodhani. Programu huendelea kana kwamba data imehifadhiwa, mteja anaambiwa asante, na kumbe kazi ya kuhifadhi ilikwama nyuma. Zamani Node.js ilitoa onyo tu kwa kosa la aina hii lisiloshughulikiwa. Tangu toleo la 15 la Oktoba 2020, huizima programu yote. Wengine waliona ni ukali. Kwa mwenye duka, nafikiri ni heri mfumo unaozimika na kuonekana kuliko ule unaopoteza maagizo kimyakimya.

Je, kila mfanyabiashara anahitaji haya? La. Tovuti iliyoandikwa kwa PHP kwa mtindo wa zamani, yenye wateja ishirini kwa siku, haina haja ya kubomolewa kwa sababu fundi amesikia habari za Node.js. Usikubali kulipia ujenzi mpya hadi uonyeshwe foleni iko wapi. Lakini pindi tu unapopokea malipo ya simu kwa tovuti, iwe ya PHP au ya lugha nyingine, suala la majibu mawili linakuhusu, kwa sababu mtambo wa upande wa pili hufanya kazi hivyo.

Kabla ya kumlipa fundi kiasi kilichobaki, keti naye na uagize bidhaa ya bei ya chini kabisa kwa simu yako. Kwanza, futa ombi linapotokea, na uangalie kama tovuti inasema hujalipa. Pili, agiza tena na uzime simu kabla ombi halijafika. Tatu, bonyeza kitufe cha kulipa mara mbili kwa haraka, uone kama utaitishwa pesa mara mbili. Nne, weka nambari ya siri, na fundi aizime seva papo hapo, aiache imezimwa dakika chache, kisha aiwashe. Agizo hilo la nne linafaa kujitokeza lenyewe kuwa limelipwa, bila mtu yeyote kuligusa.