NYUMBA YA WAZEE NA WATOTO WALIO MBALI

Wanachama kadhaa wametuletea shauri moja. Wazee wamechoka, hawawezi tena kukaa shamba peke yao. Watoto wako Dar es Salaam, Maskati au Uingereza. Je, vitu vitolewe na nyumba iuzwe? Kabla ya kusema ya kwetu, twapenda kueleza mambo yalivyo Kilema, juu ya Moshi, katika miteremko ya Kilimanjaro. Wenzetu wa huko ni wakulima wa kahawa na migomba, na watoto wao wametawanyika tangu zamani kwa kuwa ardhi ya mlimani ni haba.

Huko nyumba ya mzee haisimami peke yake. Imo ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, kahawa, ng'ombe wa zizini, na makaburi ya waliotangulia. Kwa mila ya Wachagga, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa sehemu yake, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba pamoja na kazi ya kuwatunza wazazi. Wa katikati hutafuta kwingine. Siku hizi huyo kitinda mimba naye aweza kuwa na ajira yake Dar es Salaam, na mama yuko peke yake kihambani. Hapo ndipo tabu ianzapo. Kumwuzia mgeni ni kumwuzia na makaburi, na aghlabu ukoo hukataa. Mwenye kutaka fedha huambiwa awaulize ndugu kwanza.

Wala si mila tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kimila haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Tena mzazi maadamu yu hai, mali ni yake. Mtoto, hata akiwa ndiye aliyeezeka bati, hawezi kuuza ila kwa hati ya uwakala aliyoitoa mzazi kwa hiari yake na akili zake timamu.

Kwa hiyo wengi wa Kilema hawauzi. Hungoja Desemba, watu wapandapo mlimani kwa Krismasi, wakakaa kikao mzazi akiwapo. Twaona hilo ni jambo la busara. Vitu havitolewi kwa simu. Mama ndiye asemaye chungu hiki kwa nani, kitanda hiki kibaki. Karatasi hutazamwa kwanza, kwani sanduku la bati lililojaa stakabadhi kuukuu za kahawa laweza kuwa na ushahidi wa mpaka, na mwenye haraka hulichoma moto pamoja na takataka.

Sasa kwetu. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Unguja na Pemba ni ya Serikali, na mwenye shamba ana haki ya kulitumia. Shamba la eka tatu lina masharti yake. Asipokee mtu fedha ya mnunuzi kabla ya kuuliza Kamisheni ya Ardhi. Mikarafuu nayo kwa desturi yaweza kuwa ya mtu mwingine asiyekuwa mwenye kiwanja. Basi mwenye kuuza nyumba aandike wazi kama miti imo au haimo.

Mzee akifariki, mirathi ni ya Kadhi au Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Mjane mwenye watoto ana thumuni yake, na binti ana fungu lake, nusu ya la kaka yake. Yuko Maskati au yuko Wete, fungu halipungui. Twasema haya kwa sababu mauzo mengi ya haraka humwacha nje binti aliye mbali.

Na ikiwa nyumba haiuzwi, mwangalizi aandikiwe karatasi mbele ya sheha: kwamba anaangalia tu, nani atalipa wachumaji, karafuu zitaanikwa wapi, na fedha za makonyo ni za nani. Ifanyike kabla ya msimu. Karafuu zikishaanguka majamvini, kila mtu huwa na kumbukumbu yake.