Buti la Mlimani Huchaguliwa kwa Mguu, si kwa Macho

Mgeni anayefika Singida hushangaa kuona mawe makubwa yaliyopandana kama magunia ghalani. Sisi tumeyazoea. Katika vilima vya mawe namna hiyo huishi pimbi na mbuzimawe, na wote wawili ni hodari wa kupanda. Mbuzimawe husimama juu ya ncha za kwato zake, akaruka kutoka jiwe hata jiwe asianguke. Pimbi hana kwato za namna hiyo, lakini nyayo zake ni laini kama mpira na hutoa unyevu, kwa hiyo hushika mwamba hata penye mteremko mkali. Muumba amewapa viatu vyao, navyo vyawaenea barabara. Sisi wanadamu twanunua vyetu, na mara nyingi twanunua vibaya.

Maneno haya ni kwa wale wanaopanda vilima kwa kazi: mrina asali, mchungaji, askari wa wanyamapori anayezunguka pori la Rungwa, kijana anayepeleka wageni mlima Hanang, na mwindaji. Kwa mwindaji tuseme neno moja kwanza. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yataka leseni. Basi leseni kwanza, buti baadaye.

Tuseme baba ameuza mbuzi wawili, akaenda mnadani. Mbele yake yamepangwa mabuti ya mitumba, yamepakwa rangi yakang'aa. Lipo moja zuri kuliko yote. Analijaribu kwa mguu mmoja, huku ameketi juu ya gunia, saa tatu asubuhi, bila soksi. Linabana kidogo mbele. Mwuzaji anamwambia, "Mzee, litapanuka." Analipa, anarudi nyumbani, na watoto wanalitazama kwa furaha. Siku ya kupanda mlima mambo yanakwenda vema mpaka kileleni. Taabu ni kushuka. Kila hatua vidole vinagonga mbele ya buti kama nyundo. Jioni ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi, kisigino kimetoa malengelenge, na malengelenge yamepasuka. Baba anafungia mabuti shingoni na kumaliza njia pekupeku, kidonda kikiburuzwa katika vumbi la njia ya ng'ombe.

Hapo si habari ya buti tena. Uchafu ukiingia kidondani waweza kuleta pepopunda kwa mtu asiyechanjwa. Na mwenye ugonjwa wa kisukari yumo hatarini zaidi, maana mara nyingi miguu yake hufa ganzi: hasikii kiatu kinapomla, na kidonda kidogo chaweza kumpotezea mguu mzima. Hata kama hayo hayakutokea, mtu asiyeweza kukanyaga wiki mbili wakati wa palizi ameipa familia yake hasara kubwa kuliko bei ya buti.

Wengine watasema: wazee wetu walitembea pekupeku, wakawinda, wakashiba. Ni kweli. Tena mwaka 1960, katika michezo ya Olimpiki huko Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia, askari wa walinzi wa Mfalme Haile Selassie, aliona kwamba viatu vipya havimkai vizuri. Akaviacha, akakimbia marathoni miguu mitupu, akawashinda wote kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Lakini watu husahau sehemu ya pili ya habari hiyo. Mwaka 1964 huko Tokyo, Bikila alikimbia na viatu vilivyomwenea, akashinda tena, na kwa muda mfupi zaidi: saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Hakuwa mtu wa kudharau viatu. Alikataa kiatu kibaya. Tena barabara ya Roma haina miiba ya mgunga, wala nge, wala kifutu. Nyoka huyu hukaa kimya njiani asikimbie, na anayemkanyaga huumwa unyayoni au chini ya goti. Buti la ngozi nene linalofunika kifundo cha mguu hupunguza hatari hiyo, ingawa aliyeumwa ni lazima apelekwe hospitali upesi, buti au si buti.

Basi tuchague.

Jambo la kwanza ni kuujua mguu wako. Mtu aliyekua bila viatu huwa na mguu mpana mbele, vidole vimetawanyika vizuri kama Mungu alivyovipanga. Mabuti mengi yanayotoka Ulaya yameshonwa kwa kalibu nyembamba, kwa miguu iliyofungwa katika viatu tangu utotoni. Ndiyo sababu mtu wa kijijini hupata buti lenye urefu wa kumtosha lakini linambana ubavuni, akachukua lenye namba kubwa zaidi ili apate upana, kisha kisigino kikacheza ndani. Hayo ni makosa mawili katika buti moja. Afadhali uliache, utafute jingine lililo pana mbele. Ngozi hupanuka kidogo kwa ubavu, lakini urefu hauongezeki hata ukivaa miaka kumi. Maneno ya "litapanuka" ni ya mwuzaji, si ya mguu.

Nyumbani, kabla ya kwenda mnadani, simama wima juu ya karatasi, uzito wote mguuni, mtu mwingine akuchoree nyayo zote mbili. Usijichoree mwenyewe umeinama, maana mguu hubadilika. Utaona kwamba mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Watu wengi wako hivyo. Buti linunuliwe kwa mguu mkubwa. Kisha kata kijiti chenye urefu wa mguu huo, kutoka kisigino hata ncha ya kidole kirefu, ukitie mfukoni. Kijiti hicho kitakusaidia kuliko namba. Namba za Kiingereza huongezeka kwa theluthi moja ya inchi, na zile za Ulaya bara kwa theluthi mbili za sentimeta. Ndiyo maana buti moja laweza kuandikwa 8 na 42 pamoja, na la Marekani lililo sawa nalo likaandikwa 9. Tena wenye viwanda hawalingani. Ukikitia kijiti ndani ya buti, pabaki nafasi ya upana wa kidole.

Nenda alasiri. Mguu huvimba kwa kutembea na kwa joto, na buti lililokuenea asubuhi litakubana jioni. Vaa soksi zile zile utakazopandia. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kidole kimoja cha mkono kiingie bila shida. Kikiingia kwa nguvu, ni fupi. Vikiingia viwili, ni refu mno. Sasa rudisha kisigino nyuma, funga kamba, simama, tembea. Usione haya mbele ya mwuzaji. Fedha ni yako. Tafuta mteremko, au hata tuta la barabara, ushuke kwa kukanyaga kwa nguvu. Vidole visiguse mbele hata kidogo. Panda tena, ukisikilize kisigino. Kikiinuka sana kila hatua, kitakuwa na malengelenge kabla hujafika nusu ya mlima. Angalia pia buti linakunjika wapi: likunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati ya unyayo.

Kwa mitumba yapo mambo mengine. Buti lililovaliwa limekwisha kujifunza mguu wa mwenyewe wa kwanza. Liweke juu ya meza, ulitazame kwa nyuma. Kama soli imelika upande mmoja na buti limelala, basi litakulaza nawe, na juu ya mawe ndipo kifundo huteguka. Tia mkono ndani, upapase kisigino na chini ya vidole. Ngozi iliyokunjamana au msumari uliochungulia ni adui. Halafu lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Soli za namna fulani, zile nyepesi zinazobonyea kama sponji, huoza zenyewe kwa unyevu wa hewa hata kama buti halikuvaliwa. Kwa nje laonekana jipya kabisa. Siku ya tatu mlimani soli yaachana na ngozi au yamomonyoka kama mkate mkavu. Basi likunje buti kwa nguvu, ubonyeze soli kwa ukucha. Ikionyesha nyufa au ikitoa unga, liache, hata likiwa la bei ya bure.

Soli iwe ya mpira, yenye meno marefu. Zamani wapanda milima wa Ulaya walivaa mabuti mazito yenye misumari chini, na walipofika kwenye mwamba waliyaacha wakavaa viatu vyepesi. Mwaka 1935 watu sita walikufa kwa dhoruba na baridi katika milima ya Alps huko Italia. Vitale Bramani, aliyekuwa katika msafara ule, alitafuta njia ya kupata buti moja la kufaa mahali pote, na mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno, kwa msaada wa kampuni ya matairi ya Pirelli. Kwa hiyo fundi wa katambuga wa mnadani asidharauliwe, maana na yeye ameona kwamba mpira wa gari wafaa chini ya mguu wa mtu. Katambuga ni rahisi na mwiba haupiti upesi. Mlimani lakini haishiki mguu kwa ubavu. Penye mteremko mguu uliotoka jasho huteleza juu yake, na vijiwe huingia. Mabuti ya mpira mtupu nayo yafaa sana katika mbuga za Wembere wakati wa masika, ila mlimani mguu hucheza ndani na kuloa jasho.

Soksi zisisahauliwe. Zile nene za sufi, hata za mitumba, hushinda zile nyembamba za pamba, maana pamba ikiloa hukaa na maji na kuchubua ngozi. Asiye na soksi atumie kitambaa laini cha mraba, akizungushe mguuni bila mikunjo. Asifikiri ni jambo la aibu: jeshi la Urusi lilitumia vitambaa hivyo mpaka mwaka 2013.

Ukisha kulinunua, usipande nalo mlima kesho yake. Livae kwanza uani, kisha kwenda kisimani, kisha shambani, wiki mbili au tatu. Mahali panapowaka moto mguuni ndipo patakapotoa malengelenge. Fundi aweza kulitanua buti pale pale kwa kalibu. Mlimani, ukisikia moto huo, simama mara moja, usingoje kivuli kilicho mbele. Vua, kausha mguu, funika mahali hapo kwa plasta au kitambaa safi. Malengelenge yasipasuliwe bure. Yakipasuka yenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, wala usiing'oe ngozi ya juu. Wakati wa kupanda, kamba za juu zilegezwe kidogo. Wakati wa kushuka, kaza vizuri pale kwenye kifundo, mguu usiteleze mbele. Kucha zikatwe fupi na sawasawa siku chache kabla ya safari.

Buti likiloa, ondoa tope, lijaze magazeti makavu au majani makavu, ulianike kivulini. Usiliweke karibu na jiko, kwa kuwa ngozi iliyokaushwa kwa moto hupasuka na gundi huachia. Likisha kukauka, sisi wa Singida tunayo dawa ambayo wengine huinunua katika vikopo: nta ya nyuki. Yeyusha nta kidogo pamoja na mafuta ya ng'ombe katika kopo lililosimama ndani ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Paka kwa kitambaa ingali vuguvugu, hasa kwenye mishono, uache usiku kucha. Asubuhi futa. Na kabla ya kutia mguu, ligeuze buti na kulikung'uta, maana nge hupenda mahali penye giza.