Kahawa Tatu, Kashata Mbili: Hesabu ya Raha Ndogo Kariakoo

Ripoti ya Furaha Duniani, ambayo huchapishwa tangu mwaka 2012 na kutegemea mahojiano ya taasisi ya Gallup katika nchi nyingi, imeiweka Tanzania karibu na mkia kwa miaka kadhaa, na katika toleo la mwaka 2017 iliipa nafasi ya 153 kati ya nchi 155, nyuma yake zikibaki Burundi na Jamhuri ya Afrika ya Kati tu. Ni vigumu kuyapatanisha matokeo hayo na yale yanayoonekana Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kila baada ya sala ya alasiri, wauza kahawa wanapopanga mabenchi yao vibarazani na kwenye pembe za mitaa ya Msimbazi, Sikukuu, Swahili na Aggrey, na wapagazi, mafundi cherehani, madalali na wazee wastaafu wanapokaa bega kwa bega, kila mmoja na kikombe chake, wakibishana juu ya Simba na Yanga kwa vicheko vinavyovuka barabara. Ama kipimo kina kasoro, ama vicheko vile vinadanganya, ama furaha ina upande ambao kipimo hicho hakikuundwa kuugusa. Makala haya yanaelemea jibu la tatu, na ushahidi wake umo katika kikombe cha kahawa.

Kipimo chenyewe huitwa ngazi ya Cantril, kwa jina la Hadley Cantril, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekieleza mwaka 1965. Mhojiwa huombwa aifikirie ngazi ambayo chini kabisa ni sifuri na juu kabisa ni 10, kidato cha juu kikiwa maisha bora kuliko yote anayoweza kuyapata na cha chini kikiwa maisha mabaya kuliko yote, kisha aseme amesimama wapi. Mtu anayelipa kodi ya chumba kwa kuungaunga, ambaye mtoto wake amekosa karo na mtaji wake ni bidhaa zinazoenea juu ya meza moja, hawezi kusema amesimama kidato cha nane, na akitaja cha tatu amesema kweli. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton, kwa kutumia takwimu za Wamarekani, walionyesha kwamba tathmini ya maisha, yaani hukumu anayoitoa mtu juu ya maisha yake kwa jumla, ni jambo tofauti na hisia anazopitia siku hadi siku. Kipato na elimu vilihusiana zaidi na tathmini, ilhali afya na upweke vilihusiana zaidi na hisia za kila siku. Neno la kushika hapo ni upweke, kwa kuwa ndilo ambalo benchi la kahawa hupambana nalo kila jioni.

Vyombo vya kazi hii havijabadilika sana. Birika, ambalo visiwani huitwa dele, ni la shaba au la bati, lina tumbo pana na mdomo uliochongoka, na chini yake hufungwa jiko dogo la mkaa ili moto na kahawa vitembee pamoja, muuzaji akilishika kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukibeba ndoo ndogo ya maji ya kusuuzia vikombe. Vikombe ni vidogo, vya kauri, vingi havina mkono wa kushikia, na huingia viwili au vitatu katika kiganja kimoja, ambamo muuzaji huvigonganisha kwa vidole kwa mlio mkali wa kukatakata unaomfikia mteja kabla muuzaji mwenyewe hajaonekana. Kariakoo ya leo ina vipaza sauti vinavyorudia bei ya nguo kutwa nzima, ina honi za bodaboda na makelele ya wasukuma mikokoteni wanaotaka njia, na bado mlio ule mdogo hupenya, kwa sababu masikio ya wanaoupenda yamekwisha kuuzoea na huuchagua katikati ya kelele zote.

Kahawa yenyewe huchemshwa muda mrefu bila sukari wala maziwa, wengine wakiongeza tangawizi au iliki, mpaka iwe nyeusi na chungu kiasi cha kumkunjisha uso asiyeizoea. Utamu wake umetengwa kando, katika kashata, ambayo ni sukari iliyoyeyushwa motoni na kuchanganywa na karanga au nazi, ikamwagwa juu ya ubao au sinia, ikasawazishwa na kukatwa vipande ingali ya moto, kwa maana ikishapoa haikatiki tena, huvunjika. Mnywaji hung'ata kidogo, akanywa kidogo, na ujuzi wote uko katika kupima viwili hivyo viende sambamba, kwani anayeimaliza kashata mapema hubaki na uchungu mtupu, na anayeimaliza kahawa mapema hubaki na sukari isiyo na ladha. Kikombe kimoja ni mafunda machache tu, lakini kwa jinsi kilivyo cha moto hakimezeki kwa haraka. Wenye kazi hii husisitiza jambo hilo kuliko mengine yote: mtu mwenye haraka hawezi kunywa kahawa, atajiunguza ulimi bure, na kwa hiyo mteja wao ni yule aliyekubali kukaa. Kwa maelezo yao, bei ni ya kahawa, na kule kukaa hakuna anayekulipia.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu kuliko yote hutokea mteja anapoinuka. Katika vijiwe vingi vya benchi muuzaji haandiki nani amekunywa nini, na watu wakiwa kumi, kila mmoja akiongezewa kikombe kila anaponyoosha mkono, hawezi hata akitaka kuyakumbuka yote. Anayehesabu ni mnywaji. Anaposimama hutaja mwenyewe, kwa sauti ya kusikika, alichofaidi: kahawa tatu, kashata mbili. Muuzaji hupokea fedha kwa hesabu hiyo, hamsaili, na waliokaa jirani wameisikia. Kwa mtazamo wa biashara huo ni utaratibu wa kuaminiana unaookoa muda na karatasi, na wauzaji hueleza kwamba anayepunguza hesabu hujulikana upesi na kumtia aibu ni kazi ya benchi zima. Kwa mtazamo wa makala haya ni kitu kikubwa kuliko hapo, kwa sababu ni desturi ya kila siku inayomtaka mtu, kabla hajaondoka, azikumbuke raha zake ndogo moja moja, azitaje kwa idadi yake kamili, asizipunguze wala asizizidishe.

Wanasaikolojia wa Marekani walilifikia jambo linalofanana na hilo kwa njia ya majaribio. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti ambao katika sehemu yake moja wanafunzi wa chuo kikuu waliandika ripoti mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 10: kundi moja likiorodhesha hadi mambo matano ya kushukuru, jingine hadi kero tano, na la tatu matukio matano ya kawaida. Walioorodhesha ya kushukuru waliyaona maisha yao kwa jumla kuwa mazuri zaidi, wakaitazama wiki iliyofuata kwa matumaini zaidi. Sonja Lyubomirsky na wenzake, katika utafiti uliotolewa mwaka 2005, waliongeza tahadhari yenye manufaa, kwamba waliohesabu neema mara moja kwa wiki walipata nafuu iliyopimika, ilhali waliohesabu mara tatu kwa wiki hawakuipata, na maelezo yao yalikuwa kwamba zoezi linalorudiwa mno huchosha na kugeuka wajibu. Desturi ya kuorodhesha vinavyopendeza ni ya kale kuliko maabara, kwa kuwa Sei Shōnagon, mwanamke wa ikulu ya Japani, aliandika orodha za namna hiyo yapata mwaka 1000, na waumini wa Kariakoo hawahitaji kuambiwa na mtafiti kwamba neema za Mungu ni za kuhesabiwa ingawa hazihesabiki zikaisha.

Hata hivyo orodha za watafiti, kama zile za bibi wa ikulu, zimeandikwa na mtu akiwa peke yake na karatasi yake, na hapo ndipo desturi ya pwani inapochukua njia nyingine. Orodha ya Mswahili husemwa, na husemwa mbele ya mtu. Salamu zenyewe zimepangwa hivyo. Kijana akifika kijiweni humpa mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha huulizwa habari za tangu jana, za nyumbani, za watoto, za mama, za kazi, na kila swali linamsogezea kipande kimoja cha maisha yake akitazame na kukijibia. Jibu ni njema, au salama, au tunamshukuru Mungu, hata pale ambapo mambo si mema sana, na msikilizaji mwenye uzoefu huijua tofauti kwa namna jibu lilivyovutwa. Ndipo huja ile pole inayofuatwa na swali la pili, ambalo ndilo hasa la kutaka kujua, na mtu husema kwamba mtoto anaumwa au mzigo umekwama bandarini. Kwa hiyo salamu hupitia mema na kufungua mlango wa mabaya katika mazungumzo hayo hayo.

Wauza kahawa wenyewe ni hodari wa kazi ya kutambua, na wakieleza ujuzi wao hawaanzi na kahawa. Humjua anayependa birika likiwa jipya na anayesubiri masimbi ya mwisho, anayechukua kashata ya nazi na aliyekatazwa sukari na daktari. Humjua pia asiyekuja. Mzee asipoonekana siku mbili, benchi huuliza, mtu hutumwa, na habari za ugonjwa au msiba hufika kijiweni mapema kuliko mahali pengine, na mchango huanzia hapo hapo. Wakati huo huo wa jioni humjia muuzaji naye na raha zake, ambazo wenye kazi hii hawazisemi kwa maneno makubwa: birika kuisha kabla ya isha, mvua kungoja mpaka amefika nyumbani, kikombe kutovunjika siku hiyo, na kijana aliyefundishwa kuchemsha kuipatia kahawa bila kusimamiwa.

Hoja hii ina hatari yake, na haifai kuifumbia macho. Kumsifu maskini kwa kutosheka kwake ni njia ya zamani ya kumnyima anachostahili, na Kariakoo ina sababu nyingi za kutotosheka. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko kuu, lile jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975 na kujulikana kwa paa lake la miavuli ya zege, na wafanyabiashara wakapoteza mitaji ya miaka. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka katika eneo hilo hilo asubuhi ya Jumamosi na kuua watu zaidi ya 20. Raha ya kahawa hailipi fidia ya moto wala haiimarishi nguzo za jengo, na anayeitumia kunyamazisha wanaodai majibu anaidhulumu. Historia ya mitaa hii inaonyesha kwamba benchi halikuwahi kuwanyamazisha watu, kwani chama cha siasa cha TANU kilizaliwa pembeni mwa Kariakoo, katika mtaa ambao leo ni wa Lumumba, tarehe 7 Julai 1954, katika mji ambao siasa zake zilizungumzwa sana vibarazani. Mtu anayejua kwa hakika kilicho chema katika siku yake anajua pia kwa hakika kilichochukuliwa.

Liko swali jingine ambalo halijapata jibu. Mabenchi ya kahawa ni ya wanaume karibu yote. Mama lishe anayeuza wali na maharage hatua chache kutoka hapo hushinda amesimama, na jioni wanaume wanapokaa yeye huosha masufuria na kuwahi daladala ili apike tena nyumbani. Raha zake anazitaja wapi, na nani anayemuuliza habari za tangu jana kisha akangoja jibu? Vikundi vya kuweka na kukopa, saluni na shughuli za harusi hujibu kwa kiasi, lakini kwa wiki au kwa mwezi, ilhali benchi hukutana kila siku. Kama ni kweli kwamba upweke ndio unaoharibu siku za watu kuliko umaskini wa kipato, basi mgawanyo huo wa nafasi ya kukaa ni suala la afya ya jamii na unastahili kutafitiwa hivyo.

Kutokana na hayo kuna mambo mawili yanayoweza kufanywa bila kusubiri ripoti nyingine. La kwanza ni la msomaji: achague siku moja ya juma, akumbuke mambo matano yaliyompendeza, ayataje kwa idadi na kwa jina mbele ya mtu anayemsikiliza, kisha amwulize mwenzake ya kwake, na ikiwa mwenzake huyo ni mke, mama au dada ambaye hajawahi kuulizwa, basi aanze na yeye. La pili ni la wanaopanga na kusimamia mji, ambao kila wanapopanua barabara, kujenga upya soko na kusafisha vibaraza hupima upana wa duka na wa njia ya gari: wapime pia nafasi ya benchi, yenye kivuli na maji ya kuoshea vikombe, ambapo wanaume na wanawake wanaweza kukaa bila kufukuzwa.