Saba Saba na Saba Zake

Mwulize kondakta wa daladala ya Mbagala Sabasaba ni nini, atakujibu bila kugeuka kwamba ni kituo. Kwake ni mahali pa kushushia abiria kando ya Barabara ya Kilwa, karibu na viwanja vya maonesho. Mwulize Mnairobi aliyekuwa kijana mwaka 1990, atakumbuka mabomu ya machozi na watu wakitawanywa walipokuwa wakielekea uwanja wa Kamukunji. Mzee wa Masaka au Kampala naye atakuwa na yake: sabasaba ndilo jina walilolipa roketi za jeshi la Tanzania zilizonguruma katika vita vya kumng'oa Idi Amin, 1978 na 1979. Kwenye kalenda, hata hivyo, ni kitu kidogo tu: tarehe 7 ya mwezi wa 7, siku ya 188 ya mwaka usio mrefu.

Tuanze na neno, maana lina safari yake. Kiswahili kimerithi hesabu pande mbili. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu, na ndugu zao utawasikia Bukoba hadi Durban. Sita, saba na tisa zimekuja na Kiarabu. Kabla yake watu wa pwani walikuwa na tandatu, mfungate na kenda. Kenda imesalia ndani ya jina la Wamijikenda, watu wa miji tisa. Mfungate nayo haikufa, ilijificha chumbani kwa maharusi: fungate, zile siku za mapumziko baada ya harusi, asili yake ni saba. Anayekaa fungate siku tatu akarudi kazini hajamaliza hesabu.

Wazulu, ndugu zetu wa mbali kwa lugha, saba huiita isikhombisa, neno litokanalo na kuonyesha kwa kidole. Wao huanza kuhesabu na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na ya saba huangukia kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Namba yao imebaki na alama ya mwili. Yetu imebaki na alama ya majahazi. Ndiyo maana nikisikia Saba Saba na Nane Nane zikitajwa pamoja kama pacha huwa natabasamu, kwani kwa ukoo hazihusiani hata kidogo.

Na kwa nini tarehe hizi mbili zimepata majina ya kutamkika hivi, wakati hakuna anayeiita 14 Oktoba “kumi na nne kumi”? Nadhani ni kwa sababu Kiswahili kinapenda uradidi. Polepole, sawasawa, mbalimbali, sasa hivi hivi. Ukisema “wape saba saba” umegawa machungwa. Ukiandika Saba Saba kwa herufi kubwa umetaja sikukuu. Ulimi ulikuwa tayari umeshaitengeneza njia, tarehe ikapita tu.

Mwezi wenyewe ni mvamizi. Warumi wa kale walianza mwaka wao Machi, na mwezi tunaouita Julai ulikuwa wa tano, ukiitwa Quintilis, yaani huo huo wa tano. Mwaka 44 kabla ya Kristo wakaubadili jina kumuenzi Julius Caesar, aliyekuwa amezaliwa ndani yake na aliyekuwa ameitengeneza upya kalenda yao. Januari iliposhika nafasi ya kwanza, Quintilis ya zamani ikajikuta ya saba. Aliyedhulumiwa ni Septemba: jina lake lina maana ya saba mpaka leo, naye amekaa nafasi ya tisa.

Sasa sikiliza kisa hiki kidogo. Tarehe 7 Julai 1954, siku ya Jumatano, mjini Dar es Salaam, chama cha TAA kilichokuwapo tangu 1929 kilivuliwa ngozi kikawa TANU, na kiongozi wake alikuwa mwalimu wa shule aliyebatizwa Julius. Chama cha Julius mmoja kilizaliwa katika mwezi wa Julius mwingine. Miaka michache baadaye Nyerere alikaa akautafsiri mchezo wa Shakespeare kuhusu huyo huyo wa Roma, ukatoka 1963, kisha akaurudia na kuutoa upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Sisemi kuna siri hapo. Kalenda ina siku 365 na historia ina watu wengi, na lazima baadhi yao wagongane.

Migongano ya 7 Julai ni mingi kweli. Tanzania iliwahi kuifanya sikukuu ya wakulima, kabla wakulima hawajahamishiwa Nane Nane na Saba Saba ikabaki na wafanyabiashara. Kenya, mwaka 1990, wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa kudai vyama vingi siku hiyo. Walikamatwa tarehe 4, watu wakaenda vivyo hivyo, damu ikamwagika, na Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha 30 Novemba 1999, ulianza kazi rasmi 7 Julai 2000. Na UNESCO, katika kikao chake cha Paris tarehe 23 Novemba 2021, ilipotafuta siku ya kukipa Kiswahili, ikachagua hiyo hiyo kwa kumbukumbu ya TANU kukifanya Kiswahili chombo cha kuunganisha watu. Ilikuwa lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa siku yake na shirika hilo. Maadhimisho ya kwanza yalikuwa 2022.

Kwingineko siku hiyo hiyo Visiwa vya Solomon husherehekea uhuru wao wa 1978, na mji wa Pamplona, Hispania, hufungulia mafahali saa mbili asubuhi wawakimbize vijana vichochoroni. Hata slesi za mkate zina haki ya kudai keki: ilikuwa 7 Julai 1928, katika mji wa Chillicothe, Missouri, mkate uliokatwa kwa mashine ya Otto Rohwedder ulipouzwa dukani kwa mara ya kwanza.

Lakini anga yenyewe haijui tarehe. Hakuna nyota inayowaka kwa ajili ya 7/7, na saba hiyo inategemea nani anahesabu na ameanzia wapi. Siku tunayoiita 7 Julai, Mhabeshi anaiita 30 Sene. Mzee wa Lamu wa zamani angekuambia Saba Saba halisi ni tarehe saba ya Mfunguo Saba, mwezi wa saba ukianza kuhesabu Ramadhani inapoisha, na hiyo huwahi kila mwaka kwa siku 11 hivi kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354. Makunduchi nako walihifadhi hesabu ya tatu, ya Nairuzi iliyotoka Uajemi: mwaka wa siku 365 uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, usiojali wiki wala mwandamo, uliowafaa mabaharia na wakulima kukisia upepo na mvua. Pwani hii ilikuwa ikiishi na kalenda kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja na kazi yake.

Hata wiki yetu ina mshono unaoonekana. Jumamosi ni ya mosi baada ya Ijumaa, na ukihesabu unafika Jumatano. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano, kwa kuwa wao huanzia Jumapili. Wiki ya Mswahili ina tano mbili zilizokaa bega kwa bega, na hakuna anayelalamika.

Ukijua hilo unaweza kuchezea hesabu. Kutoka Saba Saba hadi Nane Nane ni siku 32, yaani wiki nne na siku nne. Kwa hiyo Saba Saba ikiangukia Jumanne, kama mwaka 2026, Nane Nane itakuwa Jumamosi, na itakuwa hivyo mwaka mfupi au mrefu, kwani 29 Februari imeshapita. Sikukuu ya Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba, daima huwa siku inayofuata ile ya Saba Saba: hapo ni Jumatano. Na Jamhuri ya Kenya, 12 Desemba, huangukia siku ile ile ya Nane Nane, kila mwaka, bila kukosa. Jaribu kwenye kalenda yoyote ya ukutani.

Nimesema anga haijui tarehe, ila mwanzoni mwa Julai hutokea jambo ambalo wengi hawalitegemei. Njia ya Dunia kuzunguka Jua ni duaradufu, na kila mwaka kati ya tarehe 3 na 7 Julai hivi tunafika ncha yake ya mbali, kilomita milioni 152 kutoka Jua. Mwanzoni mwa Januari tunakuwa milioni 147. Tofauti hiyo ya milioni 5 inatosha kuuchelewesha mwanga wa Jua kwa sekunde 17 hivi na kuupunguzia nguvu kwa karibu asilimia 7.

Mkazi wa Dar es Salaam aliyejifunika kanga mbili asubuhi ya kipupwe atasema, aha, ndiyo maana. Sivyo. Ingekuwa umbali ndio unaoleta baridi, Ulaya nayo ingetetemeka Julai, na sote tunajua wao wakati huo wanavua mashati. Kinachotupoza ni mlalo wa Dunia wa nyuzi 23.4. Julai ncha ya kaskazini imeinamia Jua, na sisi wa kusini mwa ikweta tunalipata kwa mshazari kidogo. Simama uwanjani Temeke adhuhuri ya Saba Saba utazame kivuli chako: kimelala upande wa kusini, kwa sababu Jua limehamia kaskazini ya utosi wako.

Mlalo huo huo ndio baba wa Kusi. Bara Asia linapokuwa limepata moto, hewa juu yake hupanda, na bahari ya kusini hupeleka upepo wake kujaza nafasi. Majahazi yalikuwa yakipanda nao kwenda Uarabuni na India, ila si Julai. Katikati ya msimu Kusi huwa kali mno, na bandari za magharibi mwa India zilikuwa hazifikiki. Manahodha waliondoka nao mwanzoni, au wakangoja ulegee. Saba Saba ya nahodha ilikuwa siku ya kuziba nyufa za chombo kwa pamba na mafuta ya papa.

Umbali kutoka Jua una athari nyingine, ya taratibu. Johannes Kepler aliiandika mwaka 1609: sayari iliyo mbali na Jua hutembea polepole. Julai Dunia inakwenda kilomita 29.3 kwa sekunde, Januari 30.3. Kwa mwendo huo wa kujivuta, nusu ya mwaka kutoka mlingano wa usiku na mchana wa Machi hadi ule wa Septemba huchukua siku 186, na nusu nyingine 179. Tofauti, ukihesabu na saa, ni siku saba na nusu hivi. Hii ndiyo saba pekee katika makala haya ambayo anga imeitoa yenyewe.

Wajapani wana 7/7 yao iliyotazama juu kabisa. Wanaiita Tanabata, na waliichukua China. Binti mfumaji na kijana mchunga ng'ombe walipendana wakasahau kazi, basi wakatenganishwa na mto wa mbinguni, wakaruhusiwa kuonana usiku mmoja tu kwa mwaka, wa saba wa mwezi wa saba. Watu huandika maombi kwenye vipande vya karatasi na kuvitundika juu ya mianzi. Mto ni ule ukungu wa nyota unaokatiza anga, mfumaji ni nyota Vega, mchungaji ni Altair.

Kisa hicho kiliharibiwa kidogo na serikali. Kwa kalenda ya zamani, ya mwandamo, usiku wa saba mwezi huwa nusu na hutua karibu na saa sita usiku, ukiwaachia nyota giza lao. Japani ilihamia kalenda ya Ulaya tarehe 1 Januari 1873, na 7 Julai mpya ikaangukia majira yao ya mvua. Wapenzi wakawa wanakutana nyuma ya mawingu. Mji wa Sendai ulikataa. Wenyewe husherehekea Agosti.

Huku kwetu Julai ni kavu, kwa hiyo tunaona vizuri kuliko wenye hadithi. Toka nje saa nne usiku, mbali na taa, uelekee kaskazini mashariki: nyota ing'aayo kuliko jirani zake wote ni Vega. Geuka kulia, karibu na mashariki, ni Altair. Majina ni ya Kiarabu yaliyochakachuliwa na Wazungu. Vega ni tai anayetua, Altair ni tai arukaye, na mzizi huo wa kuruka umo pia katika tiara, kile kishada wanachorusha watoto upepo ukikubali.

Kati ya nyota hizo mbili kuna mwendo wa mwanga wa miaka 15 hivi. Mchungaji akituma salamu leo, jibu la mfumaji atalipata baada ya miaka 30, sembuse kuonana kila Julai. Hadi kwetu, mwanga wa Altair unasafiri karibu miaka 17 na wa Vega 25. Ule ulioondoka Vega mkataba wa Jumuiya ulipoanza kazi umetufikia 2025. Na ule ulioondoka usiku wa 7 Julai 1954, wakati watu wa TANU walipokuwa wakirudi majumbani, ulifika hapa 1979, mwaka ule ule Waganda walipokuwa wameshajifunza maana nyingine ya saba saba.