Kura ya mkulima wa zeituni inavyogeuka kiti bungeni Andalucía

MKULIMA wa zeituni mkoani Jaén, kusini mwa Hispania, ana mambo matatu yanayoamua kipato chake: mvua, bei ya mafuta na serikali ya jimbo. Mvua haina wa kumshitakia. Bei inapangwa sokoni. Serikali ya jimbo ndiyo pekee ambayo ana sauti ya kuiweka na kuiondoa, na sauti hiyo huipata kila baada ya miaka minne.

Bunge la jimbo la Andalucía lililochaguliwa Juni 19, 2022 lilipewa muhula wa miaka minne, hivyo zamu ya kuchagua jingine imeangukia mwaka 2026. Viti vinavyogombewa ni 109. Lakini uchaguzi huo hauendeshwi kwa utaratibu wa mwenye kura nyingi kuchukua kiti, uliozoeleka Tanzania na Kenya. Kura hupitia mahesabu kabla ya kugeuka viti, na mahesabu hayo yanaweza kukipa chama nguvu kubwa kuliko kura zake au kukiacha mikono mitupu.

Mkulima au mfanyabiashara asiyeelewa mahesabu hayo anaweza kupiga kura yake vizuri, ikahesabiwa vizuri, na bado isimpe mbunge yeyote.

Serikali inayoshika ruzuku

Hispania imegawanyika katika majimbo 17, kila moja likiwa na bunge na serikali yake. Andalucía ndilo lenye watu wengi kuliko yote, takriban milioni 8.6. Serikali yake, inayoitwa Junta de Andalucía, inasimamia hospitali, shule na kilimo. Ndiyo inayopokea maombi ya wakulima na kuwalipa ruzuku za Umoja wa Ulaya.

Katika maji, mamlaka yamegawanyika. Mto mkubwa wa Guadalquivir unasimamiwa na serikali kuu, baada ya Mahakama ya Katiba kuamua hivyo mwaka 2011. Mabonde ya mito mifupi inayoingia bahari ya Mediterania yako chini ya jimbo.

Umuhimu wa suala hilo ulionekana wazi ukame ulipopiga. Uzalishaji wa mafuta ya zeituni nchini Hispania ulishuka kutoka takriban tani milioni 1.5 msimu wa 2021/22 hadi takriban tani 665,000 msimu wa 2022/23. Jaén, mkoa unaoongoza kwa zao hilo, uliumia zaidi kuliko mingi.

Mfano mwingine ni wa wakulima wa stroberi mkoani Huelva, jirani na hifadhi ya Doñana. Mapema mwaka 2022 bunge la jimbo lilipokea mswada wa kuongeza ardhi inayoruhusiwa kumwagiliwa eneo hilo. Bunge likavunjwa ili uchaguzi ufanyike, na mswada ukafa nalo. Uchaguzi ulipokwisha, chama cha kihafidhina cha Partido Popular (PP) na chama cha Vox cha mrengo mkali wa kulia viliurudisha mwaka 2023. Serikali kuu na Umoja wa Ulaya walipinga wakihofia maji ya chini ya ardhi yanayoilisha hifadhi. Novemba 2023 pande mbili zilipatana: mswada ukaondolewa, na fedha zipatazo euro bilioni 1.4 zikaahidiwa kwa eneo hilo.

Kwa mkulima mwenye kisima, kalenda ya uchaguzi iliingia hadi shambani.

Mikoa minane, mizani tofauti

Andalucía ina mikoa minane, na kila mkoa ni eneo moja la uchaguzi. Sheria inaupa kila mkoa viti vinane vya kuanzia, uwe mkubwa au mdogo. Hivyo ni viti 64. Vilivyobaki 45 hugawanywa kwa kufuata idadi ya watu. Aidha, hakuna mkoa unaoruhusiwa kuwa na viti zaidi ya mara mbili ya mkoa mwingine.

Katika uchaguzi wa 2022 mgawanyo ulikuwa hivi: Sevilla viti 18, Málaga 17, Cádiz 15, Granada 13, Almería 12, Córdoba 12, Huelva 11 na Jaén 11.

Matokeo yake ni kwamba kura hazina uzito sawa. Mkoa wa Sevilla una watu wapatao milioni 1.95, hivyo kiti kimoja kinabeba takriban watu 108,000. Jaén, yenye watu wapatao 620,000, kiti kimoja kinabeba takriban watu 56,000. Huelva ni chini ya watu 50,000. Kama viti vyote vingegawanywa kwa idadi ya watu peke yake, Sevilla ingepata vipatavyo 25 na Jaén takriban vinane tu.

Wanaotetea utaratibu huu husema mikoa midogo ya mashambani isingesikika bila kinga hiyo. Wanaoupinga husema mwananchi wa mjini anapunjwa. Kwa vyama, hoja hiyo ni ya biashara: kiti cha Jaén au Huelva kinapatikana kwa kura chache kuliko cha Sevilla, na ndiyo maana wagombea huonekana sana kwenye mashamba ya zeituni na stroberi.

Mnada wa viti

Mpiga kura hachagui mtu, bali orodha ya chama. Orodha imefungwa: haruhusiwi kukata jina wala kubadili mpangilio, na majina ya wanaume na wanawake lazima yapangwe kwa kupokezana. Huchukua karatasi ya chama anachokitaka, huitia katika bahasha na kuitumbukiza kwenye sanduku.

Kura zikishahesabiwa, viti vya mkoa hugawanywa kwa kanuni ya Mbelgiji Victor D'Hondt. Njia rahisi ya kuielewa ni kuufikiria mnada. Kiti kimoja kimoja kinatolewa, na kila chama kinakuja na "dau" lake. Dau la kwanza ni kura zake zote. Kikishachukua kiti kimoja, dau lake linakuwa kura zake zikigawanywa kwa mbili. Kikichukua cha pili, zinagawanywa kwa tatu, na kuendelea. Mwenye dau kubwa ndiye anayechukua kiti kinachofuata.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mkoa wenye viti 11 na kura 200,000. Chama A kina kura 100,000, B kura 64,000, C kura 28,000 na D kura 8,000.

Kiti cha kwanza ni cha A kwa 100,000. Cha pili ni cha B kwa 64,000, kwa kuwa sasa dau la A ni 50,000. Cha tatu kinarudi kwa A, cha nne ni cha A tena kwa 33,333, cha tano ni cha B kwa 32,000, na cha sita ni cha C kwa 28,000. Mnada ukiisha, A ina viti sita, B vinne, C kimoja na D hakuna.

Sasa tuseme C na D wangeungana tangu mwanzo na kupata kura zile zile, jumla 36,000. Dau lao la kwanza lingekuwa 36,000 na la pili 18,000. Hilo la pili lingetosha kumnyang'anya B kiti chake cha nne. A ingebaki na sita, B ingeshuka hadi vitatu, na muungano ungepata viwili. Hakuna mpiga kura hata mmoja aliyebadili msimamo, lakini kiti kimehama.

Yaliyotokea mwaka 2022 yanaonyesha kuwa hilo si zoezi la darasani tu. Mwaka 2018 vyama vya mrengo wa kushoto zaidi vilisimama pamoja kwa jina la Adelante Andalucía, vikapata asilimia 16 ya kura na viti 17. Mwaka 2022 viligawanyika katika orodha mbili. Jumla ya kura zao ilikuwa asilimia 12 na ushei, lakini viti vikawa saba tu: vitano kwa Por Andalucía na viwili kwa Adelante Andalucía. Katika uchaguzi huo huo Vox, chenye orodha moja na asilimia 13 na nusu, kilipata viti 14.

Kizingiti na viti vichache

Kabla ya mnada kuanza, kuna mlango wa kupita. Chama ambacho hakikupata angalau asilimia 3 ya kura halali za mkoa huondolewa katika mahesabu ya mkoa huo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Kura iliyoharibika haihesabiwi. Lakini bahasha isiyo na karatasi ndani, yaani kura tupu, huhesabiwa kuwa halali. Hivyo kura tupu zikiwa nyingi, idadi inayohitajika kufikia asilimia 3 inapanda, na wanaoumia ni vyama vidogo. Anayetumbukiza bahasha tupu kuwakomoa wakubwa anaweza kuwa anawasaidia.

Hata hivyo, kuvuka asilimia 3 hakutoshi. Chama D katika mfano wetu kilikuwa na asilimia 4 na bado hakikupata kitu, kwa sababu mkoa wenye viti 11 hauna nafasi ya kumfikia mdogo kiasi hicho. Chama cha Ciudadanos kilijua uchungu huo. Mwaka 2018 kilipata viti 21. Mwaka 2022 kilipata zaidi kidogo ya asilimia 3 ya kura za jimbo zima na hakikupata kiti hata kimoja. Upande wa pili, PP ilipata asilimia 43 ya kura na viti 58, zaidi ya nusu ya bunge.

Wa kwanza si lazima atawale

Wananchi hawamchagui rais wa jimbo moja kwa moja. Wabunge ndio wanaomchagua. Katika duru ya kwanza mgombea anahitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote, yaani 55. Akikosa, saa 48 baadaye inatosha kura za ndiyo zizidi za hapana. Miezi miwili ikipita tangu duru ya kwanza bila kupatikana rais, bunge linavunjika na wananchi wanarudi vituoni.

Mwaka 2012 PP ilikuwa ya kwanza kwa viti 50, lakini chama cha kisoshalisti cha PSOE chenye 47 kilishirikiana na Izquierda Unida yenye 12, wakatawala kwa viti 59. Mwaka 2018 kibao kiligeuka: PSOE ilikuwa ya kwanza kwa viti 33, lakini PP yenye 26, Ciudadanos 21 na Vox 12 walifikisha 59. Januari 2019 Juan Manuel Moreno wa PP akawa rais, na utawala wa PSOE ulioanza mwaka 1982 ukafikia kikomo.

Kuchelewa nako kuna gharama. Baada ya uchaguzi wa Machi 22, 2015, Susana Díaz wa PSOE alishindwa mara tatu bungeni, akapita mara ya nne Juni 11 kwa kuungwa mkono na Ciudadanos. Ni zaidi ya siku 80 bila serikali kamili ya kupanga matumizi mapya.

Kalenda na mwenye haki ya kura

Rais wa jimbo ndiye anayetangaza uchaguzi, na anaweza kuuita kabla ya miaka minne kwisha. Kura hupigwa siku ya 54 baada ya tangazo kuchapishwa. Tangazo la Aprili 26, 2022 ndilo lililozaa uchaguzi wa Juni 19. Kampeni ni siku 15, kisha siku moja ya kutafakari ambayo ni marufuku kuomba kura. Vituo hufunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku. Wasimamizi wa vituo hupatikana kwa bahati nasibu miongoni mwa wananchi, na anayeangukiwa hana ruhusa ya kukataa bila sababu ya msingi.

Wanaopiga kura ni raia wa Hispania wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hapo kuna pengo kubwa katika sekta ya kilimo. Vibarua kutoka Moroko, Mali, Senegal na Romania wanaovuna nyanya katika vitalu nyumba vya Almería na stroberi za Huelva hawana kura katika uchaguzi huu mpaka wapate uraia. Mromania anaweza kuchagua diwani kwa kuwa nchi yake imo katika Umoja wa Ulaya, lakini si mbunge wa jimbo. Bunge linaloamua mambo ya kilimo linachaguliwa bila sehemu kubwa ya mikono inayokifanya.

Namna ya kusoma matokeo

Anayefuatilia matokeo asiishie kwenye asilimia za jimbo zima zinazotangazwa kwanza. Atazame mambo matatu. Kwanza, kiti cha mwisho katika kila mkoa kilikwenda kwa nani na kwa tofauti ya kura ngapi, kwani hapo ndipo kura mia chache zinapogeuza mambo. Pili, ni vyama vingapi vya mrengo mmoja vilivyogawana kura. Tatu, ni nani na nani wakijumlishwa wanafika 55.

Namba hiyo ya tatu ndiyo itakayoamua nani anashika wizara ya kilimo ya jimbo, na ruzuku ya msimu unaofuata italipwa kwa masharti ya nani.